Nilitolewa kizazi pamoja na ovari nikiwa na miaka 41. Madhara yake ya baadaye ni yapi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 45, naishi Morogoro. Miaka minne iliyopita nilitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe ulionitoa damu nyingi mpaka nikaongezewa damu. Nilipozinduka nikaambiwa wameondoa na vifuko vya mayai, yaani ovari, "usije ukapata saratani huko mbele, maana watoto unao." Sikupewa dawa yoyote ya baadaye. Tangu mwezi ule ule nawaka moto usiku, usingizi umekatika, tendo la ndoa limekuwa adhabu, nasahau vitu, na mwaka huu presha imepanda. Kila ninakokwenda naambiwa ni umri. Je, ni umri kweli au ni operesheni? Halafu mdogo wangu wa miaka 39 ana uvimbe kama wangu na amepangiwa operesheni mwezi ujao. Nimwambie nini?

JIBU: Marahaba, dada. Joto la usiku lililoanza mwezi ule ule wa upasuaji, ukavu ukeni na usingizi kukatika, hayo si umri. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Wewe ulikomeshwa ukiwa na 41, kwa kisu, ndani ya saa chache. Kusahau kunaweza kutokana na kupungua kwa estrojeni, homoni ya kike inayotengenezwa na ovari, na kunaweza kutokana na miaka minne ya kulala vibaya; mara nyingi ni vyote viwili. Presha siwezi kuibebesha operesheni moja kwa moja, kwa sababu katika umri wako ingeweza kuja hata ovari zikiwepo. Lakini haitakiwi kuachwa hivi hivi, na nitakueleza kwa nini kwako ina uzito zaidi kuliko kwa jirani yako wa umri huo huo ambaye hakupasuliwa.

Kabla ya yote, tafuta karatasi. Rudi hospitali uliyopasuliwa, omba nakala ya ripoti ya upasuaji na majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara. Kliniki napokea akina mama wanaosema "nilitolewa kila kitu" na faili linaonyesha ovari moja ilibaki. Napokea pia wanaoamini zipo, kumbe zote mbili ziliondoka. Ikiwa moja ilibaki na inafanya kazi, mara nyingi inatosha kuubeba mwili mzima, na simulizi yetu hapa inabadilika. Faili likiwa limepotea, kipimo cha damu cha FSH, homoni ambayo ubongo hutuma kuziamsha ovari, kitasaidia: kikiwa juu sana, pamoja na dalili ulizonazo, tunajua ovari hazifanyi kazi. Karatasi hiyo hiyo itakuambia pia kama shingo ya kizazi iliondolewa au iliachwa. Kama iliachwa, uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi unaendelea kama kwa mwanamke mwingine yeyote. Kuna wanaoacha kwenda kupimwa kwa kudhani hawana tena kitu cha kupimwa.

Sasa tuje kwenye ovari zenyewe. Watu wengi, wakiwemo baadhi ya watumishi wa afya, huzihesabu kama ghala la mayai: ukishamaliza kuzaa, kazi yake imekwisha. Kuzalisha mayai ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kutengeneza homoni, hasa estrojeni, na homoni hiyo haiishii kwenye uzazi. Mishipa ya damu inaitumia ili ibaki laini na itanuke vizuri. Mifupa inaitumia ili kubomoka kwake kwa kila siku kusizidi kujengwa kwake. Ubongo, ngozi, kibofu na uke vyote vina sehemu za kuipokea. Ovari hutengeneza pia kiasi kikubwa cha testosteroni ya mwanamke, ambayo inahusika na hamu na nguvu, na hata baada ya hedhi kukoma kwa kawaida zinaendelea kuitoa kwa miaka. Sehemu ya homoni hizo hugeuzwa kuwa estrojeni kwenye mafuta ya mwili. Kwa hiyo ovari ya mama wa miaka 58 haijafa, imepunguza kazi.

Ukomo wa kawaida huja kwa miaka kadhaa, homoni zikipanda na kushuka, mwili ukizoea. Ukomo wa upasuaji ni LUKU inayokata usiku wa manane: umelala ukiwa nayo, umeamka huna. Ndiyo maana dalili zake huwa kali kuliko alizopata mama yako, na ndiyo maana "ni umri" si jibu la kumpa mwanamke aliyepitia hilo.

Madhara ya muda mrefu tunayajua kutokana na wanawake waliofuatiliwa kwa miongo, wengi wao Marekani, Kanada na Ulaya. Utafiti wa wauguzi wa Marekani uliwafuatilia wanawake 30,117 waliotolewa kizazi, kwa miaka 28, ukilinganisha waliobakiziwa ovari na walioondolewa. Matokeo yake ya 2013 yalionyesha kwamba vifo kwa ujumla vilikuwa vingi zaidi, kwa takribani asilimia 13, kwa walioondolewa ovari zote mbili, na magonjwa ya moyo yalikuwa na sehemu kubwa katika ongezeko hilo. Kwa waliopasuliwa kabla ya miaka 50 na hawakutumia estrojeni kamwe, ongezeko lilifika asilimia 41. Hilo ndilo kundi lako, dada, na ndiyo sababu sitaki uendelee kuambiwa uvumilie.

Katika utafiti huo huo kuna takwimu nyingine ninayoipenda kuwaonyesha wanafunzi. Ovari huondolewa ili kumkinga mwanamke na saratani ya ovari. Kati ya wanawake 13,203 walioachiwa ovari zao, waliokufa kwa saratani hiyo katika miaka yote 28 walikuwa 44. Ni vifo 44 vya kusikitisha, na sisemi ni kidogo kwa familia zao. Lakini moyo na mishipa ya damu huua wanawake wengi kupita kiasi hicho. Ukimkinga mtu na adui wa nadra kwa kumfungulia mlango adui wa kila siku, hesabu haimfaidi.

Kanada, katika jimbo la Ontario, wanawake zaidi ya 200,000 waliotolewa kizazi kwa magonjwa yasiyo saratani walichambuliwa, na majibu yalichapishwa 2021. Umri ulibadilisha kila kitu. Chini ya miaka 45, kuondolewa ovari zote kuliambatana na ongezeko la vifo la asilimia 31. Kati ya 45 na 49, asilimia 16. Kuanzia 50 kuendelea, ongezeko halikuonekana. Kwa hiyo nikizungumza na mama wa miaka 56 ambaye hedhi imekwisha na anatolewa kizazi, mazungumzo yetu yanakuwa mepesi zaidi: akichagua ziondolewe, simbishii. Mwanamke wa 39 au 41 ni habari nyingine kabisa.

Usizisome asilimia hizi vibaya. Ongezeko la asilimia 31 si kwamba wanawake 31 kati ya 100 watakufa kwa sababu hiyo. Ni ongezeko juu ya hatari ambayo katika umri huo ni ndogo. Halafu tafiti hizi zinafuatilia tu, hazikuwagawa wanawake kwa bahati nasibu nani aondolewe na nani abakiziwe, kwa hiyo huenda walioondolewa walikuwa na tofauti nyingine za kiafya tangu mwanzo. Kinachonifanya niziamini ni kwamba zinatoka nchi tofauti na zinaelekea upande mmoja, na kwamba madhara hupungua pale estrojeni inaporudishwa. Kama tatizo lingekuwa aina ya watu tu, dawa isingebadilisha kitu.

Ubongo nao una ushahidi wake. Watafiti wa Mayo Clinic, jimbo la Minnesota, waliwatafuta wanawake waliopasuliwa kati ya 1950 na 1987 katika wilaya moja, wakawalinganisha na majirani zao wa rika moja ambao ovari zao zilikuwepo. Walioondolewa kabla ya ukomo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupungukiwa kumbukumbu au kupata ugonjwa wa kusahau uzeeni, na kadiri mtu alivyopasuliwa akiwa mdogo ndivyo hatari ilivyokuwa kubwa. Waliopewa estrojeni mpaka wakafika angalau miaka 50 hawakuonyesha ongezeko hilo. Kusahau funguo kwako leo si mwanzo wa ugonjwa huo, tafadhali usilale na wazo hilo.

Kuhusu mifupa sina mengi, kwa sababu hakuna anayebishana: estrojeni ikiondoka ghafla, mifupa hupungua uzito kwa kasi katika miaka ya mwanzo, kisha taratibu. Haiumi. Unaweza usijue mpaka uteleze bafuni na kifundo cha mkono kivunjike. Kipimo cha uzito wa mifupa kipo katika hospitali chache kubwa za mijini. Ukiweza kukipata, kipime. Usipoweza, ishi kama mtu ambaye mifupa yake inahitaji kutunzwa: dagaa waliokaushwa wakaliwa na mifupa yao, maziwa au mtindi, jua la asubuhi, na kazi inayoubebesha mwili uzito wake kama kutembea kwa haraka, kupanda mlima, kubeba ndoo. Hapo Morogoro mlima hauko mbali.

Upande wa pili wa mizani upo pia. Walioondolewa ovari hupata saratani ya ovari mara chache mno, na ya matiti hupungua kidogo kwa waliopasuliwa mapema. Kuna wanawake ambao kwao uamuzi wa kuondoa ni sahihi kabisa: mwenye saratani, mwenye ovari iliyojisokota ikafa, mwenye jipu kubwa lililoharibu kila kitu, baadhi ya wenye endometriosisi kali (nyama kama ya ukuta wa ndani wa kizazi kuota nje yake), na hasa mwenye kasoro ya kurithi kwenye vinasaba vya BRCA. Mwenye kasoro ya BRCA1 ana uwezekano wa karibu wanne kati ya kumi kupata saratani ya ovari maishani, na saratani hiyo hadi leo haina kipimo cha kuigundua mapema kinachoaminika. Huyo simwambii abaki nazo. Lakini mwanamke asiye na historia hiyo, mwenye uvimbe wa kawaida, haingii kundi hilo kwa sababu tu "watoto anao."

Hii tabia ya kuondoa ovari nzima zisizo na ugonjwa ni ya zamani. Mwaka 1872 daktari Robert Battey wa Georgia, Marekani, alianza kuzitoa kutibu maumivu ya hedhi na hata matatizo ya akili, na mtindo ukaenea kabla ya kukosolewa na kuachwa. Sababu zimebadilika, wepesi wa mkono umebaki.

Sasa wewe, ufanye nini? Swali la kweli ni kama estrojeni inaweza kurudishwa ukiwa na 45, miaka minne baadaye. Ndiyo, na bado ni mapema. Miongozo ya wataalamu wa Ulaya na Marekani inakubaliana kwamba mwanamke aliyepoteza ovari kabla ya 45 apewe homoni mpaka afike angalau umri wa kawaida wa kukoma hedhi, yaani takribani miaka 51, isipokuwa kama ana kizuizi. Hii si dawa ya starehe wala ya kutafuta ujana. Unarudishiwa kile ambacho mwili wako ungekuwa unakitengeneza wenyewe mpaka leo.

Najua kitakachofuata: utaambiwa homoni zinaleta saratani ya matiti. Hofu hiyo ilitoka kwenye utafiti mmoja mkubwa wa Marekani, ambao sehemu yake ilisimamishwa 2002. Waliohusika sehemu ile walikuwa na vizazi vyao, wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, na walikuwa wakimeza estrojeni pamoja na projestini. Projestini huongezwa ili kulinda kizazi. Wewe kizazi huna, kwa hiyo kwa kawaida unahitaji estrojeni peke yake. Utafiti ule ule ulikuwa na kundi la pili, wanawake 10,739 wasio na vizazi, waliogawanywa kati ya estrojeni pekee na kidonge kisicho na dawa ndani yake. Kwa waliopewa estrojeni saratani ya matiti haikuongezeka, ilipungua. Kilichoongezeka ni kiharusi, na hao walikuwa wanawake wa miaka 50 hadi 79 wanaomeza vidonge. Hilo ndilo linalonirudisha kwenye presha yako.

Presha ishushwe kwanza. Nenda kliniki, ianzishiwe dawa kama inahitajika, na upimwe sukari na mafuta kwenye damu siku hiyo hiyo. Mwanamke aliyepoteza ovari mapema tayari ana sababu moja ya ziada ya ugonjwa wa moyo. Hatutaki aongeze ya pili na ya tatu bila kutibiwa. Presha ikishatulia, si kizuizi cha homoni. Ila mwambie daktari kwamba ungependa estrojeni ya kupaka au ya kubandika kwenye ngozi, kwa sababu haipitii ini kwanza na haiongezi hatari ya damu kuganda kama vidonge vinavyoweza kufanya. Ugumu ni upatikanaji: kwetu jeli na viraka hukutana navyo zaidi katika maduka makubwa ya dawa ya Dar es Salaam, Nairobi na miji kama hiyo, na bei si rafiki. Vidonge vya estrojeni hupatikana kwa urahisi kidogo, na vikiwa ndivyo pekee, mjadili na daktari faida na hasara zake, msikimbilie kukata tamaa.

Jihadhari na njia moja ya mkato. Baadhi ya wanawake wadogo waliopoteza ovari hupewa vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili badala ya estrojeni, na kwa mwenye afya njema inakubalika. Wewe mwenye presha, hapana. Usijinunulie dukani kwa sababu shoga yako vilimsaidia. Hata ile "dawa ya asili ya kurudisha homoni" inayouzwa kwenye makundi ya simu, iache. Haijulikani ndani yake kuna nini, na presha yako haitaki mizizi ya kubahatisha.

Vizuizi halisi vya estrojeni ni hivi: kuwahi kuugua saratani ya matiti, kuwahi kupata kiharusi au shambulio la moyo, damu kuganda miguuni au mapafuni, ugonjwa mkali wa ini, au kutokwa damu ukeni kusikoelezeka. Kama ulikuwa na endometriosisi, sema, maana hapo daktari anaweza kutaka kuongeza projesteroni. Mwenye kizuizi bado ana dawa nyingine za kupunguza joto la usiku zisizo za homoni.

Kuhusu tendo la ndoa, usingoje mambo mengine yakamilike. Krimu ya estrojeni ya kuweka ukeni kwa kiasi kidogo hutibu ukavu wenyewe, na karibu yote hubaki pale pale. Wengi wanaokatazwa homoni za mwili mzima bado huruhusiwa hiyo baada ya kushauriana na daktari. Inachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake. Wakati huo tumieni kilainishi cha maji. Acha sabuni, acha dawa za kujisafisha ndani, acha vitu vya kukaza. Na mzee nyumbani aelezwe. Wanaume wengi hudhani mke amewachoka, na mke anajifungia na maumivu, nyumba inakuwa na baridi ambayo krimu peke yake haitaiondoa.

Tuje kwa mdogo wako, ambaye bado ana nafasi ya kuchagua. Swali lake la kwanza si ovari. Ni kama kizazi chenyewe lazima kitoke. Kwa miaka 39, kutegemea ukubwa na mahali uvimbe ulipo, inawezekana kuondoa uvimbe peke yake, au kupunguza damu kwa dawa au kwa kitanzi chenye homoni, huku upungufu wa damu ukitibiwa. Ikionekana kizazi lazima kitoke, sawa, kwa wengine ndiyo tiba bora na maisha yao hubadilika kabisa.

Aulize basi: "Ovari zangu zina ugonjwa wowote kwenye ultrasaundi?" Na aulize kama kuna mama, dada, shangazi au bibi aliyewahi kuugua saratani ya ovari, au ya matiti akiwa kijana, wewe na yeye mkae na mama mlijibu hili, kwa sababu jibu linawahusu wote wawili. Kama hakuna, aombe ovari zibaki na mirija ya uzazi iondolewe pamoja na kizazi. Kwa sasa tunajua kwamba saratani nyingi zilizoitwa za ovari huanzia kwenye ncha za mirija. Mirija ya mtu asiye na kizazi haina kazi tena, na haitengenezi homoni. Madaktari wa British Columbia, Kanada, walianza kuhimizana kufanya hivyo mwaka 2010, na leo ni ushauri wa kawaida katika nchi nyingi. Anapata sehemu kubwa ya kinga bila kulipa kwa moyo na mifupa.

Ovari zikibaki, ajue mambo mawili. Zinaweza kuchoka mwaka mmoja au zaidi kabla ya wakati wake, kwa kuwa upasuaji huweza kupunguza damu inayozifikia. Na kwa kuwa hatakuwa na hedhi ya kumwonyesha, dalili ndizo zitakazomwambia. Joto la usiku likianza akiwa na 43, aende apimwe, asisubiri miaka minne.

Haya yote yasemwe kabla ya siku ya upasuaji, si kwenye machela. Fomu ya ridhaa asiitie sahihi kabla ya kuisoma, na asimwachie mume au kaka asaini kwa niaba yake ilhali mwenyewe ana akili timamu. Kwenye fomu iandikwe wazi: kizazi na mirija viondolewe, ovari zibaki isipokuwa zikikutwa na ugonjwa. Daktari mzuri hatachukia. Atalazimika tu kueleza sababu kama ana maoni tofauti, na huenda anayo ya msingi. Akikataa kueleza, operesheni ya uvimbe usio saratani inaweza kusubiri wiki mbili tatu, maadamu damu imedhibitiwa, mkatafuta daktari bingwa wa pili. Mwende wote wawili, na wewe ubebe ile ripoti yako.